Mabadiliko ya Kumi: Zanzibar ilivyoyaandika maridhiano ndani ya Katiba, na pale yalipokwama

Siku ya Jumapili, tarehe 25 Oktoba 2015, Mzanzibari mkaazi alipanga foleni katika kituo cha mtaani kwake, akahakikiwa jina lake kwenye daftari, akapewa karatasi tano za kura. Tatu zilikuwa za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: ya Rais wa Zanzibar, ya mwakilishi na ya diwani. Mbili zilikuwa za Tume ya Taifa ya Uchaguzi: ya Rais wa Jamhuri ya Muungano na ya mbunge. Akazitumbukiza zote katika masanduku yake, akachovya kidole katika wino, akarudi nyumbani kusubiri. Siku tatu baadaye zile karatasi tatu zikatangazwa kuwa zimefutwa, na zile mbili zikabaki halali, zikajumlishwa na kura za Bara, zikamsaidia Rais wa Muungano kuapishwa wiki iliyofuata. Mpiga kura alikuwa mmoja, foleni moja, na siku moja.

Anayetaka kuielewa siasa ya Visiwani hana budi kulifikiria jambo hilo kwa utulivu, kwa sababu miaka mitano tu kabla yake Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilikuwa imefanyiwa mabadiliko makubwa kuliko yote, kwa lengo lililotajwa wazi la kumaliza uhasama wa uchaguzi. Wananchi waliulizwa, wakaridhia. Ilikuwaje basi Katiba iliyotengenezwa ili kuleta utulivu ikashindwa kuuzuia mgogoro mzito kama ule? Nionavyo mimi, Mabadiliko ya Kumi yaliitibu sehemu moja ya ugonjwa kwa ustadi mkubwa, na yakaiacha sehemu nyengine bila kuigusa.

Ugonjwa wenyewe ni mkongwe kuliko vyama vinavyoshindana leo. Katika uchaguzi wa Januari 1961, chini ya Waingereza, viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi Party ilipata 10, Zanzibar Nationalist Party ikapata 9, na Zanzibar and Pemba People's Party 3. Jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe watatu wa chama kidogo wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, na kambi mbili zikabaki na viti 11 kwa 11. Ukaitishwa uchaguzi mwingine Juni mwaka huo huo, ukamwaga damu: watu 68 walikufa katika ghasia zilizofuata. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, takriban asilimia 54, lakini ikaambulia viti 13 tu kati ya 31, na serikali ya uhuru wa Disemba ikaundwa na wapinzani wake. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yalikuja Mapinduzi. Ninaileta historia hii kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo halijabadilika hadi leo: jamii iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu, na mfumo unaompa kila kitu yule aliyepita kwa unywele.

Vyama vingi viliporejea mwaka 1992 mgawanyiko ule ulijitokeza tena, sasa ukiwa baina ya CCM, chama tawala, na CUF, chama kikuu cha upinzani. Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, na katika Baraza la Wawakilishi CCM ikapata majimbo 26, CUF 24. CUF iliyakataa matokeo. Wale wanaoukumbuka wakati ule, hasa Pemba, wanajua kwamba uhasama haukubaki kwenye majukwaa. Watu walisusiana maduka, walisusiana misikiti, na jirani aliweza kufiwa asizikwe na jirani yake kwa sababu ya rangi ya bendera iliyokuwa ikipepea maskani kwake. Kwa jamii ambayo maziko ni faradhi inayowakusanya hata mahasimu, hakuna kipimo kikubwa zaidi cha kuonesha jinsi siasa ilivyokwenda mbali.

Uchaguzi wa 2000 ulikuwa na kasoro kubwa, ukarudiwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, na mwishoni mwa Januari 2001 vyombo vya dola viliwafyatulia risasi waandamanaji. Waliouawa walikuwa makumi. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, Kenya, na Tanzania, nchi iliyozoea kuwapokea wakimbizi wa majirani, ikawa inawatoa wa kwake.

Kabla ya Katiba kuguswa, yalijaribiwa makubaliano ya vyama. Muafaka wa kwanza wa 1999, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola, haukutekelezwa ipasavyo. Wa pili, uliotiwa saini Oktoba 2001, ulifanikiwa zaidi: uliibadilisha Tume ya Uchaguzi ili wawemo wajumbe wanaopendekezwa na upinzani, na ukaleta wazo la daftari la kudumu la wapiga kura. Hata hivyo muafaka ni ahadi baina ya vyama. Anayeshika mpini akibadili mawazo, anayeshika makali hana mahali pa kwenda kudai. Baada ya uchaguzi wa 2005, uliompa Rais Amani Abeid Karume asilimia 53 dhidi ya 46 za Maalim Seif, mazungumzo yalianza upya, yakasuasua, yakavunjika.

Mwanzo mpya ulitoka kwa watu wawili. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume alikutana na Maalim Seif Ikulu ya Zanzibar, bila mpatanishi wa nje. Siku chache baadaye Maalim Seif aliwaeleza wafuasi wake kwamba chama chao sasa kinamtambua Karume kuwa Rais, na baadhi yao walilipokea neno hilo kwa manung'uniko makali. Ikaundwa Kamati ya Maridhiano chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo, mmoja wa wazee wa Mapinduzi. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio, ikatungwa sheria ya kura ya maoni, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kama wanakubali uwepo mfumo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 66.4. Agosti Baraza likayapitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba.

Yalisema nini? Kwanza yaliiondoa nafasi ya Waziri Kiongozi na kuweka Makamu wawili wa Rais. Makamu wa Kwanza anatoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa Rais, na huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na chama hicho. Makamu wa Pili anatoka katika chama cha Rais mwenyewe, na ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi. Mawaziri hugawanywa kwa uwiano wa viti vya majimbo ambavyo kila chama kimepata Barazani. Kukawekwa pia kizingiti: chama cha pili kikikosa asilimia 10 ya kura za Rais, hakipati haki hiyo moja kwa moja, bali huangaliwa nguvu ya vyama ndani ya Baraza. Na ili pasitokee mtu wa kuyafuta haya kwa wingi wa wajumbe wake peke yake, kikaongezwa kifungu kinachotaka kura ya maoni kabla ya kubadilisha vifungu kadhaa vya msingi.

Inafaa kuitazama kwa karibu nafasi ya Makamu wa Kwanza, kwa sababu wengi huielewa visivyo. Kwa itifaki yeye ni wa pili baada ya Rais. Kwa maandishi ya Katiba yeye ni mshauri mkuu wa Rais, anayefanya kazi atakazopangiwa na Rais. Hana baraza lake la mawaziri, haongozi shughuli za Serikali Barazani, na hana kura ya turufu juu ya uamuzi wowote. Kwa maana nyengine, chama cha pili kimehakikishiwa kiti mezani lakini hakikuhakikishiwa sehemu yoyote ya maamuzi. Wapo wanaouita mpangilio huu ugawaji wa vyeo. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kwa mzee wa Micheweni, Pemba, aliyeishi miaka kumi na mitano akiona kwamba serikali ni ya watu wengine, kumuona mtu wake akipokewa kwa heshima ya nchi ni jambo lenye uzito wake, na utulivu wa nchi umo pia katika hisia za watu, si katika mamlaka peke yake.

Matunda yalionekana mapema. Tarehe 31 Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Pengo lilikuwa kura 3,471, dogo kiasi cha kuwasha moto katika mwaka mwingine wowote. Safari hii Maalim Seif aliyakubali matokeo hadharani, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza, na Balozi Seif Ali Iddi akawa Makamu wa Pili. Mawaziri wa CUF wakaingia wizarani. Watu wakaanza kuzikana tena. Kwa miaka kadhaa Zanzibar ilikuwa mfano wa kuigwa, na kwa haki. Kenya nayo ilikuwa na serikali ya mseto tangu 2008, lakini ile ilizaliwa baada ya zaidi ya watu 1,000 kuuawa, ikawa ya muda, ikaisha na uchaguzi wa 2013 chini ya Katiba mpya ya 2010. Zanzibar iliandika ya kwake kabla ya uchaguzi na ikaifanya ya kudumu.

Lakini tuyasome tena mabadiliko yale tukitafuta yasiyokuwemo. Yanaeleza kwa ufasaha nini kifanyike kwa aliyeshika nafasi ya pili. Kuhusu nani anayetamka kwamba huyu ni wa kwanza na yule ni wa pili, na nini kifanyike iwapo tamko hilo lina shaka, hali iliachwa ilivyokuwa. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi aliendelea kuteuliwa na Rais, ambaye mara nyingi ni mgombea au kiongozi wa chama chenye mgombea. Mshindi akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama yenye uwezo wa kuuchunguza uchaguzi wake wa urais. Na polisi na jeshi ni mambo ya Muungano, kwa hiyo Rais wa Zanzibar na Makamu wake wa Kwanza, hata wakiwa na nia njema kiasi gani, hawana amri ya mwisho juu ya askari wanaosimama mitaani siku ya matokeo.

Mwaka 2010 mapengo haya hayakuonekana, kwa sababu Karume alikuwa anaondoka, wagombea wote wawili walikuwa wamejifunga kwa maridhiano, na matokeo yalikubalika. Mwaka 2015 yalionekana yote kwa pamoja. Tarehe 26 Oktoba Maalim Seif aliwaambia waandishi wa habari kwamba kwa hesabu za chama chake, zilizotokana na fomu walizosaini mawakala vituoni, yeye ndiye mshindi. Tume ilikuwa imekwishatangaza matokeo ya zaidi ya nusu ya majimbo 54. Tarehe 28, Mwenyekiti Jecha Salim Jecha akatokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba uchaguzi mzima umefutwa, akitaja ugomvi baina ya makamishna na kasoro za kura, hasa Pemba.

Katiba yenyewe inasema akidi ya kikao cha Tume ni Mwenyekiti au Makamu wake pamoja na wajumbe wengine wanne, na kwamba uamuzi wa Tume ni ule ulioungwa mkono na walio wengi. Hoja ya wanasheria wengi waliolipinga tangazo lile ilianzia hapo: alitangaza mtu mmoja, mahali ambapo Katiba inaitambua Tume. Upande wa pili ulijibu kwamba kasoro zilikuwa kubwa kiasi kwamba uchaguzi usingeweza kuachwa, na kwamba Tume ilikuja kuukubali uamuzi huo. Msomaji anaweza kuupima kila upande. Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba hapakuwa na chombo huru cha kuusikiliza mgogoro huo kwa haraka na kuutolea uamuzi unaozibana pande zote. Kenya, miaka miwili baadaye, ilikuwa na mgogoro wa urais ambao nao ulikuwa wa hatari, lakini Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa Agosti 2017 tarehe 1 Septemba, kwa uamuzi uliosomwa hadharani wenye sababu zake na maoni ya majaji waliopinga. Wakenya hawakuacha kugombana kwa sababu hiyo, ila waligombana juu ya hukumu iliyoandikwa.

Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016. CUF iliususia. Dk. Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna mgombea mwingine aliyefika hata asilimia 10, nafasi ya Makamu wa Kwanza ilibaki wazi kwa muhula mzima. Hapa ndipo udhaifu wa usanifu wa 2010 ulipojitokeza kwa namna ambayo watunzi wake hawakuitarajia. Serikali ya Umoja wa Kitaifa inahitaji chama cha pili chenye nguvu kishiriki katika uchaguzi na kikubali matokeo, na mgogoro unapokuwa mkubwa, chama hicho ndicho kinachojitoa. Kinga ikawa haipo siku ile hasa ilipohitajika.

Mfumo ule haukufa, na hilo nalo lina maana yake. Baada ya mpasuko ndani ya CUF, Maalim Seif na wafuasi wake walihamia ACT-Wazalendo Machi 2019. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulikuwa na machungu: kulikuwa na siku mbili za kupiga kura, kwa mujibu wa sheria ya 2018 iliyoleta kura ya mapema, kuliripotiwa vifo Pemba, na Dk. Hussein Ali Mwinyi alitangazwa mshindi kwa asilimia 76 dhidi ya karibu 20 za Maalim Seif. ACT ililalamika vikali, kisha, baada ya mjadala mzito wa ndani, ikakubali kuingia serikalini. Maalim Seif aliapishwa tena Disemba 2020. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki dunia, na mwezi uliofuata nafasi yake ikashikwa na Othman Masoud Othman.

Uteuzi wa Othman una kisa chake, kinachotufikisha kwenye kifungu chengine cha Mabadiliko ya Kumi ambacho hutajwa kidogo nje ya Visiwa. Mabadiliko yale yaliandika kwamba Zanzibar ni nchi, na kwamba ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano, ilhali Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Miaka miwili kabla, kauli ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda bungeni kwamba Zanzibar si nchi ilikuwa imezua mjadala mkubwa, na vyama vyote viwili vya Zanzibar vilikuwa na hamu ya kulijibu jambo hilo kwa maandishi. Mgongano wa Katiba hizo mbili ulitarajiwa kumalizwa na mchakato wa Katiba mpya ya Tanzania, ambapo Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu: ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya Muungano. Bunge Maalum likaliondoa pendekezo hilo mwaka 2014. Othman, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara, na muda mfupi baadaye akaondolewa katika wadhifa wake. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 2015, iliahirishwa, na haijafanyika. Kwa hiyo swali la mamlaka ya Zanzibar juu ya usalama wake siku ya uchaguzi limebaki limening'inia kati ya Katiba mbili.

Mwaka 2025 Othman aligombea dhidi ya Dk. Mwinyi, na Tume ikamtangaza Dk. Mwinyi mshindi. Hoja zilizosikika tena ni zile zile: uteuzi wa makamishna, kura ya mapema, daftari, na mlango wa mahakama uliofungwa.

Mageuzi yanayodaiwa leo hayahitaji kuivunja Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na kwa maoni yangu anayetaka kuivunja kwa sababu ya 2015 anaichoma nyumba kwa kuwa paa linavuja. Yanahitaji mambo matatu yaliyokosekana 2010. Makamishna wapatikane kwa njia isiyoanzia na kuishia mezani kwa Rais. Mahakama Kuu ya Zanzibar, au jopo maalumu la majaji, ipewe uwezo wa kusikiliza shauri la urais ndani ya siku chache kabla ya kuapishwa kwa mshindi. Na fomu ya matokeo ya kituo, ile yenye saini za mawakala wa vyama vyote, ipewe nguvu ya kisheria kiasi kwamba hakuna anayeweza kuipuuza bila kueleza sababu zake mbele ya jaji. La kwanza na la pili yatahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa Baraza, yaani ridhaa ya chama tawala. La tatu linaweza kuanza kwa sheria ya kawaida ya uchaguzi, na muda wa kulitunga kabla ya foleni za 2030 bado upo.